Seti ya sederi ya Pasaka pale Mwanjelwa: sahani ichukue, mkate uache

Kila mwaka Pasaka ikikaribia, maduka ya vitabu na vifaa vya ibada ya Mwanjelwa, Mbeya, huanza kupanga maboksi ya seti ya sederi, yaani vyombo na baadhi ya vyakula vya meza ya usiku wa kwanza wa Pasaka ya Wayahudi. Seti hiyohiyo hufika Iringa mjini pia. Bei ya kutajiwa Mbeya ni Sh 85,000, na mwenye kupatana vizuri huondoka nayo kwa Sh 75,000. Wanunuzi wengi ni walimu wa Biblia na vikundi vya kanisa wanaotaka kuwaonyesha watu jinsi Wayahudi wanavyoadhimisha kutoka Misri. Hao ndio wanaohitaji kuambiwa mapema kilicho sahihi ndani ya boksi na kisicho sahihi, kwa sababu sederi ni ibada ya watu wanaoishi leo na wanaoifuata kwa sheria zake. Ukiamua kuionyesha, ionyeshe kama wenyewe wanavyoifanya.

Ndani ya boksi kuna sahani ya duara yenye visima sita, kifuko cha kitambaa chenye vyumba vitatu vya kuwekea matza (mkate mwembamba usiochachwa), vikombe vinne vya plastiki, pakiti ya matza, mfupa wa plastiki, kijitabu cha maelekezo ya sederi, baragumu dogo la pembe na kinara cha matawi saba.

Baragumu na kinara viondoe mezani kabisa. Baragumu, au shofari, hupigwa Rosh Hashana, mwaka mpya wa Kiyahudi unaoangukia Septemba au Oktoba, na mara moja mwishoni mwa mfungo wa Yom Kipuri. Kinara cha matawi saba ni kumbukumbu ya kile kilichokuwa Hekaluni na hakina kazi kwenye sederi. Taa za sikukuu ni mishumaa miwili ya kawaida, ile ya dukani kwa mangi, inayowashwa na mama wa nyumba kwa baraka, kama dakika 18 kabla ya jua kuzama. Vitu hivi viwili vimetiwa ili boksi lionekane limejaa, na bei imepanda kwa ajili yake.

Sahani ni nzuri. Ni ya melamini nzito, visima vina kina cha kutosha, na mpangilio wake ni ule unaofuatwa na wengi, wa Rabi Isaac Luria wa Safed, karne ya 16. Juu kulia hukaa zeroa, mfupa uliochomwa, na juu kushoto beitza, yai. Katikati ni marori, mboga chungu. Chini kulia ni haroseti, mchanganyiko mtamu wa matunda, chini kushoto karpasi, mboga ya kuchovya, na chini kabisa hazereti, mboga chungu ya pili. Kabla ya kulipa, geuza sahani kwenye mwanga usome herufi za Kiebrania. Kiebrania huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, na kwenye baadhi ya sahani hizi mchapaji amezipanga kinyume. Neno la kisima cha katikati linatakiwa lianze upande wa kulia na herufi mem, yenye umbo la kisanduku kilichoachwa wazi kidogo chini kushoto. Ukiikuta mem imesimama mwisho wa neno upande wa kushoto, omba sahani nyingine.

Tatizo kubwa la seti ni mkate. Soma ubavu wa pakiti. Nyingi zina maneno madogo ya Kiingereza yanayosema kwamba matza hiyo si ya matumizi ya Pasaka. Si kosa la kiwanda, kwani hutengeneza matza mwaka mzima kwa wapenda biskuti kavu na hakisimamii kila hatua kama sheria ya sikukuu inavyotaka. Kosa ni la aliyeitia kwenye boksi la Pasaka. Matza ya Pasaka hutambulika kwa alama ya usimamizi wa marabi inayoambatana na herufi P, kwa mfano OU-P, au kwa maneno yanayosema wazi kwamba ni kosha, yaani halali kwa sheria ya Kiyahudi, kwa Pasaka. Kuna pakiti nyingine zenye matza iliyokandwa kwa mayai au juisi ya matunda. Hiyo haitimizi wajibu wa usiku wa sederi hata ikiwa na alama, maana mkate wa usiku ule ni mkate wa mateso, unga na maji basi. Kwa desturi ya Waashkenazi, Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya Kati na Mashariki, matza ya mayai huachiwa wazee na wagonjwa.

Sheria ya matza ni fupi lakini haina msamaha. Unga uwe wa mojawapo ya nafaka tano: ngano, shayiri, rai, oti au spelti. Nafaka hizohizo ndizo zinazoweza kugeuka hametzi, kitu kilichochacha, ambacho Myahudi hali wala haweki nyumbani siku zote za Pasaka. Maji yawe yamelazwa usiku kucha yapoe. Tangu maji yagusane na unga hadi mkate uingie kwenye moto zisipite dakika 18, na muda wote huo donge liwe linafanyiwa kazi, lisiachwe likapumzika. Wanaoshika kwa ukali zaidi hutumia matza shmura, ambayo ngano yake imelindwa isipate maji tangu kuvunwa au walau tangu kusagwa.

Kikundi cha masomo kinaweza kuoka chenyewe kwa maonyesho. Gramu 300 za unga wa ngano na mililita 120 za maji hutoa matza sita ndogo. Pasha kwanza kikaango kizito cha chuma juu ya jiko la mkaa mpaka tone la maji liruke, ndipo uguse unga. Kanda haraka, gawa, sukuma nyembamba kadiri inavyowezekana, toboatoboa kwa uma pande zote ili isivimbe, oka dakika moja na nusu kila upande hadi ikauke na kupata madoa ya kahawia. Mikono iliyozoea chapati hukosea mahali pawili. Kwanza hutafuta mafuta na chumvi, na hapa havitakiwi. Pili hufunika donge nusu saa ili lilainike, na kule kulaza ndiko hasa kunakolifanya lichache. Unga uliokwisha kuchanganywa na hamira kiwandani usitumike. Waambieni watazamaji waziwazi kwamba matza hiyo ni ya kuonyesha tu. Myahudi anayeshika sheria hataila, kwa sababu vinu vikubwa hulowesha ngano kabla ya kuisaga, na unga wa dukani unahesabika umeshaguswa na maji.

Kifuko cha vyumba vitatu kimeshonwa vizuri, matza tatu zinakaa bila kuvunjika. Kijitabu kinasema tatu hizo ni Utatu. Hayo ni mafundisho ya baadhi ya Wakristo. Wayahudi hawaamini hivyo, na mwalimu mwaminifu ataitenganisha mikate na tafsiri hiyo. Kwao, kila sikukuu hudai mikate miwili mizima mezani, kumbukumbu ya mana iliyoanguka maradufu siku ya sita. Usiku huu huongezwa wa tatu ili uvunjwe, kwa kuwa maskini hula kipande na kuweka akiba kipande. Wengine huita ile mitatu Kohani, Mlawi na Mwisraeli. Ule wa kati huvunjwa mapema, nusu kubwa hufichwa ikawa afikomani, na watoto huitafuta baadaye. Kijitabu kinataka afikomani iliwe kabla ya chakula. Siyo: ndicho kitu cha mwisho kuliwa.

Kuhusu mboga chungu, kijitabu kinaagiza figili. Figili si marori. Wayahudi wa Ulaya Mashariki, ambako baridi ya masika haikuwaachia majani, walizoea mzizi mkali wa aina nyingine kabisa ambao sokoni kwetu haupo. Mishna, mkusanyiko wa kale wa sheria za marabi, inataja mimea mitano, na wa kwanza ni saladi. Talmudi ya Yerusalemu, moja ya vitabu vya marabi vya kuifafanua Mishna, inaeleza sababu ya kuipenda: mwanzoni ni tamu, ikikaa shambani inageuka chungu, na Wamisri waliwafanyia Waisraeli vivyo hivyo, mwanzo mwororo na mwisho mchungu. Kwa hiyo chukua saladi ya majani marefu, iliyokomaa, si ile changa.

Nyanda za juu zina kitu kingine kinachostahili kuangaliwa. Talmudi, katika kitabu cha Pesahimu, inatoa alama za mboga chungu: iwe na utomvu na majani yake yawe na rangi iliyofifia. Mchunga wetu una zote mbili. Ni wa jamaa moja na saladi, ukivunja bua unatoka utomvu mweupe kama maziwa, na uchungu wake hauhitaji maelezo. Aprili mvua bado ipo na mchunga umejaa kandokando ya mashamba. Kama unafaa kwa sederi ya Myahudi, hilo ataamua rabi wake. Kwa maonyesho, hakuna mmea wa hapa utakaowafahamisha watu vizuri zaidi. Sharti moja: uliwe mbichi. Mishna inasema mboga hizo hazitimizi wajibu zikichemshwa, kupikwa au kulowekwa kwenye siki, na sisi mchunga tumezoea kuupika kwa karanga. Yeyote atakayekabidhiwa jikoni aambiwe asiuinjike.

Majani ya saladi na mchunga loweka dakika chache kwenye maji ya chumvi, kisha osha jani mojamoja ukiliinua kwenye mwanga. Wadudu ni haramu kwa Wayahudi, na saladi ya masika huwa na vidukari kwenye mikunjo ya chini.

Kiasi cha kula kinaitwa kezayiti, ukubwa wa zeituni. Marabi wamekipima tofauti, kuanzia ujazo wa mililita 27 hivi hadi 50. Jani moja dogo la kuonja halitoshi. Shika majani mawili matatu makubwa yaliyobanwa. Marori huchovywa kwenye haroseti na kukung'utwa, utamu usiumeze uchungu. Huliwa umekaa wima. Matza na divai ndivyo huliwa na kunywewa umeegemea upande wa kushoto, namna walivyoketi watu huru wa zamani. Mchoro wa kijitabu unaonyesha watu wameegemea kulia, nao usifuatwe.

Haroseti haimo kwenye boksi, na ni vizuri haimo, maana ya makopo haina ladha. Tofaa mbili za Njombe zikunwe, korosho gramu 100 zisagwe kwa kinu zisiwe unga kabisa, kijiko kimoja cha chai cha mdalasini, vijiko vitatu vya divai tamu au juisi ya zabibu. Iwe nzito inayoshikana, kwa kuwa inakumbusha udongo wa matofali ya Misri. Tofaa zikikosekana, tumia tende. Wayahudi wa Iraki na Yemeni hutengeneza yao kwa tende tangu zamani. Karanga ziache, Waashkenazi wengi huziepuka siku hizo.

Karpasi ni mboga ya kuchovya kwenye maji ya chumvi mwanzoni kabisa. Kijitabu kinahangaika na majani ya pasli. Familia nyingi zenye asili ya Ulaya Mashariki hutumia kiazi mviringo kilichochemshwa, na hilo kwa watu wa Uyole si jambo la kutafuta. Kipande kiwe kidogo kuliko kezayiti.

Vikombe vya plastiki vitupwe. Ni vile vidogo vya Meza ya Bwana, kimoja kinabeba kama mililita 30. Kikombe cha sederi kinatakiwa kibebe walau reviiti moja, ambayo kwa kipimo kidogo ni mililita 86 na kwa kipimo kikubwa ni 150, na kila mmoja anywe sehemu kubwa yake, mara nne. Bilauri ya chai ya kawaida inatosha kwa vipimo vyote viwili. Vikombe vinne hivyo vinafungamana na ahadi nne za Kutoka 6:6-7, na kila mtu mezani hunywa vinne vyake. Aliyedhani vikombe vinne vya boksi ni vya watu wanne hakuelewa hesabu.

Kinachomiminwa kiwe cha zabibu. Rozela, hata iwe nyekundu namna gani, haifai, wala ulanzi, wala kinywaji chenye ladha ya zabibu kilichotengenezwa kwa sukari na rangi. Divai ya Dodoma ni ya zabibu kweli, lakini divai ya kosha lazima itengenezwe na Wayahudi wanaoshika Sabato, kwa hiyo kwa Myahudi haitoshi. Kwa maonyesho haina neno. Njia ya zamani ya mahali pasipo na divai ni zabibu kavu: gramu 500 ziponde, ziloweke kwenye lita moja na nusu ya maji siku tatu, chuja ukikamua. Ziwe laini bado zenye unyevu ndani, zilizokauka kama kokoto hazitoi kitu. Zioshwe kwanza kwa maji ya uvuguvugu kuondoa mafuta zinayopakwa.

Sehemu ya kijitabu inayohitaji kufutwa kwa kalamu ni ile ya nyama. Inasema "choma mwanakondoo mzima". Kondoo wa Pasaka alikuwa sadaka, na sadaka zilisimama Warumi walipobomoa Hekalu mwaka 70. Tangu hapo marabi wameweka uzio: mnyama mzima wa kuchomwa haliwi usiku huu, mtu asije akaonekana anakula sadaka nje ya Hekalu, na jamii nyingi haziweki nyama ya kuchoma ya aina yoyote kwenye sederi. Nyama ya mchuzi inakubalika. Mfupa wa sahani ni wa kukumbusha, hauliwi. Ule wa plastiki haukumbushi chochote. Shingo au bawa la kuku lililobabuliwa kwenye mkaa linatosha. Talmudi, hapohapo katika Pesahimu, inasimulia Rav Huna, rabi wa kale, akisema vyakula viwili vya kumbukumbu vinaweza kuwa hata kiazisukari chekundu na wali. Wapishi wa Kyela wafurahi.

Swali la wali na ugali hujitokeza kila mara, na kijitabu kinakwepa kwa kusema "nafaka zote ni marufuku". Hapana. Mahindi, mchele, ulezi na maharage havimo kwenye zile nafaka tano. Waashkenazi waliviepuka tangu karne ya 13 hivi, wakiviita kitniyoti, kwa hofu ya kuchanganyika na ngano ghalani; Wasefaradi wengi, Wayahudi wenye asili ya Hispania na Ureno, hula wali Pasaka nzima, na mwaka 2015 marabi wa mrengo wa Conservative waliviruhusu pia. Kilicho marufuku kwa wote ni mkate, chapati, maandazi, tambi, biskuti na bia ya shayiri. Kutoa pakiti ya hamira kabatini, kama kijitabu kinavyoshauri, huku maandazi yamebaki kwenye kapu, hakusaidii.

Kwa upande wa maandishi, jedwali la hatua 15 za sederi nyuma ya kijitabu ni sahihi, kuanzia Kadeshi hadi Nirtza, na linafaa kubandikwa ukutani. Ndani ndimo mambo yalipoharibika. Hatua ya tano, Magidi, yaani masimulizi ya kutoka Misri, ambayo ndiyo moyo wa usiku, imefupishwa kuwa ukurasa mmoja wa hadithi ya Musa. Hagada ya asili, kitabu kinachosomwa kwenye sederi, hufafanua Kumbukumbu la Torati 26:5-8 mstari kwa mstari, na Musa hutajwa mara moja tu, ndani ya aya iliyonukuliwa, ili sifa ziende kwa Mungu. Mtoto mdogo kuliko wote huuliza kwa nini usiku huu ni tofauti. Matone ya divai hudondoshwa kikombe kikipunguzwa kwa kila pigo la Misri. Kisha husemwa mambo matatu ambayo Rabani Gamalieli alisema asiyeyataja hajatimiza wajibu wake: sadaka ya Pasaka, matza na marori. Kijitabu kimeyaacha yote matatu.

Kunawa pia kumekosewa. Bakuli la kuchovya vidole halitakiwi. Maji humiminwa kutoka kwenye chombo juu ya mikono. Jagi na beseni vya kunawishia wageni vinafaa kuliko chochote kwenye boksi. Mara ya kwanza, kabla ya karpasi, hakuna baraka. Ya pili, kabla ya matza, ina baraka.

Muda: kidushi, baraka ya kikombe cha kwanza, isitangulie nyota. Mwanzoni mwa Aprili jua la Mbeya huzama kama saa 12:50 jioni, ingawa milima hulificha mapema zaidi, na nyota tatu huonekana karibu saa 1:25 usiku. Iringa toa kama dakika 9. Kukiwa na mawingu, fuata saa. Mwaka 2026 usiku huo ni Jumatano ya Aprili 1, na mwaka 2027 ni Aprili 21. Nje ya Israeli hufanyika sederi mbili, usiku wa kwanza na wa pili. Jiko la mkaa liwake kabla ya jua kuzama, kwani sikukuu huruhusu kupika kwa moto uliokuwapo, si kuwasha kiberiti kipya.

Afikomani iliwe kabla ya katikati ya usiku, ambayo Mbeya siku hizo ni saa 6:50. Baada yake hakuna kula tena, hubaki vikombe viwili vya mwisho, zaburi za Halleli na maji. Mwenye nyumba aambiwe mapema, maana desturi yetu ni kumletea mgeni chai ya maziwa baada ya mlo: hapa isije, kwa sababu ya afikomani, na kwa sababu nyama imeliwa na maziwa hayafuati nyama.